Mvua ya Mama Kulwa

Alhamisi, Igogo

Na mimi niliitikia. Jana jumuiyani Mama Kulwa aliomba mvua kwa ajili ya mahindi yake ya Buhongwa yanayonyauka, na sote tukajibu, "Ee Bwana, utusikie." Nilijibu kwa mazoea tu. Sikukumbuka dagaa wangu.

Leo mchana mvua imewakuta mchangani nilikowaanika. Sasa hao ni chakula cha kuku.

Jioni Mama Kulwa amepita, miguu ina tope, anacheka. "Mama Yosefu, Mungu ametusikia."

"Ametusikia kweli," nikamwambia.

Nimechoka. Kila siku nasali mapenzi yake yatimizwe, sikuwahi kufikiri yanaweza kunilowanishia dagaa.

Nimepiga magoti nishukuru kwa ajili ya mahindi yake. Nimefika nusu. Iliyobaki, Bwana, malizia mwenyewe.