Posa Niliyoiondoa Mwananyamala

Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
14 Septemba, 1997.

Mpendwa ndugu yangu Mbwana,

Asalaam aleikum. Niwie radhi kwa kimya cha miezi mingi. Nilikuwa na hasira nawe, nami sipendi kuandika nikiwa katika hali hiyo. Hasira haijapungua, ila kunyamaza kumenishinda.

U mzima huko Maskati? Presha imetulia? Mimi sijambo, isipokuwa magoti.

Juma lililopita nilipata habari kwamba mdogo wetu Bakari, kwa agizo lako la simu, amepeleka posa Mwananyamala ili mwanao Badru aoe mke wa pili. Badru hakuulizwa. Mkewe, Mwanaheri, alizisikia habari hizo kwa muuza samaki!

Nilipomkabili Bakari alinicheka. "Dada, kaka anataka mjukuu, hataki somo la daktari."

Basi somo hilo utalisoma wewe. Haya si mambo ya kumwandikia ndugu wa kiume, lakini wewe ndiye uliyeyatoa nje.

Mwanaheri ana ugonjwa uitwao endometriosisi. Nyama inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba humea nje yake, na kila mwezi huvuja damu isiyo na pa kutokea, hata viungo vikagandamana. Tangu usichana wake alijikunja kwa maumivu, akaambiwa kwamba yatakwisha akizaa. Atazaaje, ikiwa ugonjwa huo huo ndio unaomzuia?

Umemwambia Bakari kwamba tumbo la Mwanaheri lilikula wajukuu wako kule Bombay, walikokwenda kutafuta mimba kwa msaada wa madaktari. Soma vizuri. Walimtoa mayai ili yarutubishwe nje ya tumbo, na yaliyopatikana yalikuwa machache. Kiinitete kimoja, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kiliacha kukua kikiwa maabara, kabla hakijafika tumboni mwake. Tumbo lilikulaje kisichokuwamo? Kingine kilirudishwa, hakikushika. Nilikuwapo daktari wake wa hapa alipoeleza kwamba ugonjwa huu waweza kuyadhoofisha mayai yenyewe, na kwamba viinitete hukoma kukua hata kwa wanawake wasiougua. Hakutaja kosa la mtu.

Juzi nilikwenda Mwananyamala kuiondoa posa hiyo. Mama wa binti alishangaa kuniona. "Mwalimu, mie niliambiwa bi mkubwa karidhia."

"Nani alisema?"

"Si huyo Bakari wenu!"

Akaingia chumbani, akarudi na doti za kanga alizopelekewa, hazijakunjuliwa. "Zichukue. Mwanangu simpeleki kwenye nyumba ya uongo." Nimezichukua. Ziko kabatini mwangu, na Bakari asithubutu kuzifuata.

Nilipomweleza Mwanaheri hakufurahi kama nilivyodhani. Alisema tu, "Shangazi, nimechoka kuliombea radhi tumbo langu." Maneno hayo yanalala nami, Mbwana. Ningependa yalale nawe pia.

Sasa yeye na Badru wanatafakari: apasuliwe kwanza kuondoa uvimbe ulio kwenye ovari, jambo linaloweza kumpotezea mayai mengine, au warudi Bombay alivyo, au waache kabisa. Uamuzi ni wa wawili hao. Si wako, si wangu, na Bakari ndiye wa mwisho kuulizwa.

Nisalimie wifi Farida na wanangu wote. Mwenyezi Mungu akupe afya, na moyo laini zaidi ya ulio nao.

Siku watakayoamua nitakuandikia, liwe lolote walilochagua. Utaisoma barua hiyo mpaka mwisho kabla hujagusa simu.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako,
Rukaiya