Nimedahiliwa Darasa Moja na Binti Yangu, Naye Hajui

Mpendwa mshauri, nakusalimu kwa salamu ya kwetu, kamwene. Naomba msaada wako upesi maana nina furaha ambayo sina pa kuiweka, na ndani ya furaha hiyohiyo kuna jambo linanichoma, na Jumatatu ijayo ndiyo siku ya kujisajili chuoni.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nina duka la steshenari hapa Makambako, natoa fotokopi, nachapa barua, na kila mwaka matokeo yakitoka watoto wanajazana kwangu niwaombee vyuo mtandaoni, kwa hiyo masharti ya udahili nayajua kuliko nyimbo za kwaya yangu. Mwezi wa saba nilikuwa nasoma tangazo la chuo kimoja cha Njombe, stashahada ya sayansi ya kompyuta, nikafika mahali palipoandikwa kwamba aliyewahi kusoma chuo kingine anaweza kuhamisha krediti za masomo aliyofaulu, nikarudia kusoma mara tatu, kwa sababu mimi, mshauri, niliwahi kusoma kompyuta mwaka mmoja na nusu katika chuo cha mbali, nikaacha. Mume wangu Abrahamu, ambaye anauza mbao, alinikuta nimeikodolea macho ile skrini akauliza kuna nini, nikamwambia. Akacheka akasema, "Tabea, umewajazia fomu watoto wa Makambako nzima. Jaza na yako." Nikajaza siku ileile, kwa jina la ukoo wa baba yangu kama lilivyo kwenye vyeti.

Wakaniita Njombe kwa ajili ya krediti. Binti yangu Irine, mwenye miaka kumi na tisa, nilimuaga kwamba nafuata wino wa printa. Kwenye ofisi ya udahili nilimkuta baba mmoja mpole anaitwa Bwana Fidelis, akazipanga karatasi zangu mezani, masomo tisa, akaanza kuweka tiki moja moja.

"Hesabu, umepata A, tunapokea. Takwimu, B, tunapokea. Stadi za mawasiliano, tunapokea. Haya mengine ya kompyuta, mama, yamepita miaka kumi, hatuyapokei."

Nikamwambia, "Lakini kuandika programu nilipata B, baba, tulisoma Paskali, lugha ya kompyuta ya wakati ule."

Akatabasamu. "Paskali tunaiheshimu kama tunavyowaheshimu wastaafu, lakini kazini hairudi. Ukitaka, kuna mtihani wa kupimwa kabla ya masomo kuanza. Ukifaulu, tunakupeleka mwaka wa pili. Usipofanya, unaanza mwaka wa kwanza na wenzako, ila yale matatu umesamehewa."

Nikatoka pale natembea kama nimevaa viatu vipya, mwaka wa kwanza au wa pili mimi sikujali, nimepata chuo! Kumbe nilikuwa sijajua jambo moja. Irine naye aliomba kompyuta, mimi mwenyewe nilimjazia chuo cha Mbeya, lakini akaingia kwa simu yake akabadilisha, akaweka hichohicho cha Njombe ili asiwe mbali na nyumbani. Majina yalipotoka alikuwa dukani kwangu, akaruka akapiga kelele mpaka wateja wakageuka, "Mama, nimechaguliwa! Njoo uone!" Tukakumbatiana. Halafu akaendelea kushusha ile orodha kwa kidole akasema, "Heee, mama, kuna mtu anaitwa Tabea kama wewe!" Nikamjibu kwamba akina Tabea ni wengi, nikaenda kuwasha mashine ya fotokopi wakati hakuna aliyetaka fotokopi.

Sasa nikuambie kinachonichoma. Chuo niliacha kwa sababu nilipata mimba, na mimba hiyo ni Irine. Abrahamu alinioa na hakuna ubaya nyumbani kwetu, lakini sikutaka mtoto akue akijihisi kwamba alinikatisha masomo, kwa hiyo alipokuwa mdogo akaniuliza kwa nini sikumaliza, nilimwambia nilifeli hesabu. Na yeye akalichukua hilo neno likawa lake, kila akipata alama ndogo anasema, "Hesabu hatuna kwenye damu, mama." Wiki hii ameona ratiba ya muhula wa kwanza ina hesabu, anasema afadhali abadilishe akasome utunzaji kumbukumbu. Na kwenye faili langu kuna A ya hesabu, na kuna barua ya chuo cha zamani inayosema wazi kwamba niliacha kwa ajili ya ujauzito, na mwaka umeandikwa.

Mshauri, nifanyeje? Nifanye ule mtihani nikimbilie mwaka wa pili tusikutane darasani? Nimwachie yeye nafasi, mimi nirudi kwenye fotokopi zangu? Nimwambie, halafu anichukie? Abrahamu anasema nimwambie, lakini si yeye aliyedanganya.

Ni mimi Tabea, Makambako.

MAJIBU

Tabea, kamwene na wewe, na hongera! Nimeisoma barua yako nimesimama. Halafu nikakaa, maana pale kwenye hesabu ulinikasirisha.

Gazeti letu linatoka Jumamosi na usajili wako ni Jumatatu, nikaona nikikujibu hapa tu nitakuwa nimekuchelewesha. Ndiyo maana nilikupigia simu Jumatano, na kwa idhini yako na ya Irine nawaeleza wasomaji tuliyosemezana.

Nilikuuliza, programu za siku hizi unazijua? Ukaniambia, "Hata mstari mmoja sijui." Basi mwaka wa pili ungekwenda kufanya nini, kutazama ukuta? Mtihani ule umewekwa kwa anayejua kitu na hana karatasi mpya. Haukuwekwa kwa mama anayemkimbia mwanawe. Na chuo usikilaumu. Kompyuta ya miaka ishirini iliyopita siyo ya leo, ila hesabu ni ileile, ndiyo maana wameipokea.

Nafasi yako hukupewa kwa hisani ya Irine, wala ya kwake hakupewa kwa hisani yako. Ukijitoa hujamwachia kitu, umemwachia lawama tu, siku atakapojua kwamba amekukatisha masomo mara mbili.

Sasa ule uongo. Ulitaka kumkinga mtoto, nakuelewa, mimi pia ni mama. Lakini umeichukua A yako ukaiita sifuri, na mtoto amejenga nyumba juu ya hiyo sifuri. Anakaribia kuacha kozi anayoipenda kwa sababu ya mtihani ambao mama yake hakuufeli! Nilikuamuru, na sikukubembeleza: mpe karatasi ya matokeo kwanza, kisha barua, leo kabla ya chakula cha mchana, na ukae hapohapo anapozisoma.

Ulinipigia kesho yake. Ukasema Irine alisoma matokeo akauliza, "A? Hii A ni ya nani?" Akasoma na barua. Akahesabu miezi kwa vidole. Akaondoka akaenda kwa shangazi yake Lidia, nawe ukabaki dukani ukichapa barua ya mteja na kukosea jina lake mara nne.

Akarudi jioni, macho yamevimba. Akasimama mlangoni akasema, "Kwa hiyo mama, mimi na wewe tulishasoma darasa moja. Muhula mzima." Ukaanza kulia, na yeye akaanza kucheka, mkaishia kulia na kucheka wote wawili mpaka Abrahamu akaja akakufungia duka kabla ya saa yake. Utunzaji kumbukumbu hautaki tena. Lakini alikwambia pia kwamba kuhusu hesabu bado hajakusamehe, na usimharakishe. Usimharakishe kweli.

Yaliyobaki ni haya. Msamaha wa yale masomo matatu uupate kwa maandishi, wenye mhuri, kabla hujasaini usajili, kwa maana maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili. Beba vyeti halisi, siyo fotokopi, hata kama fotokopi ni zako. Irine akae bweni na wenzake, wewe urudi nyumbani kwa mumeo. Usimchagulie marafiki, usimuulize alikuwa wapi, wala usikae dawati moja naye mpaka akuite. Akikwama kwenye hesabu atakufuata mwenyewe, na akikufuata, mfundishe kama mwanafunzi mwenzake. Sharti alilokupa Irine, kwamba darasani usimwite "mwanangu" ni la haki, likubali. Na Paskali, dada yangu, usiitaje mbele za watu.

Jumatatu saa mbili asubuhi uwe kwenye geti la chuo. Irine amenituma nikuambie kwamba ukichelewa yeye hasubiri mtu.