Mshale wa juu

Devota, mwenzio kaharibu. Usimwambie mtu.

Asubuhi mjukuu wangu Pamela alitoa majina ya wakulima kwenye kompyuta, yakawa faili la maandishi. Anaandika amri kwenye kile kioo cheusi, herufi zinamwagika kama mahindi. Yalikuwa yameandikwa ovyo, akayasahihisha moja moja hadi mchana. Jioni yanatakiwa ofisini Namtumbo.

Akaenda kuoga. Stumai wa maziwa akaingia, akamcheka mwenzio: "Bibi, na hiyo nayo unaijua?"

Mwenzio anaijua. Alishamwona Pamela: ukibonyeza mshale wa juu amri ya mwisho inarudi, halafu Enta. Akabonyeza. Herufi zikamwagika, Stumai mdomo wazi.

Kumbe yale majina mabovu yametoka tena, yamefuta yaliyosahihishwa. Yote, Devota. Yote.

Pamela karudi, kaangalia. "Nitakuwa nilisahau kuhifadhi, bibi. Kosa langu."

Kosa lake, anasema. Na mwenzio kashika kikombe tu.

Sasa wanaanza upya. Mwenzio anamtajia majina, maana wakulima hao anawajua. Hivi punde kasema, "Bibi, bila wewe leo ningefanyaje?"

Mwenzio kajibu, "Andika, mama, jua linakwenda."