Mama Mdogo, Alikujaje?

Mama mdogo wangu Sifa,

Simu zetu huzipokei, ndiyo maana nakuandikia. Barua haipigi kelele. Unaweza kuiacha mezani mpaka siku utakayoweza.

Tulienda Columbus kwa harusi, na njia nzima nilikuwa najipanga nitakuambia nini. Tulipofika kwa mjomba, akasema ulikuwa umeshaondoka kwenda Louisville, kwamba unakaa mtaa wa Highview na unafunga maboksi kwenye ghala. Baba akauliza kama umerudi kwenye kazi ya ambulensi. Mjomba akacheka bila furaha: "Huyo? King'ora kikipita barabarani anaziba masikio."

Mimi nakukumbuka na sare yako. Nakukumbuka ukishuka ngazi kutoka chumba chako cha juu, hapa mtaa wa Bailey, na viatu vile vizito, ukigonga mlango wetu kabla ya zamu. "Nipeni chai, naenda kuokoa Wamarekani!" Na mama anajibu akiwa jikoni, "Bon, waokoe, lakini kikombe changu kirudi." Vikombe vyetu vyote vilikuwa kwako.

Wewe ndiye uliyenifundisha kumpokea mtoto, kwa mwanasesere wangu wa zamani, kwenye zulia. Mkaushe. Mweke kifuani kwa mama yake. Mfunike kichwa. Ulisema adui wa kwanza wa mtoto mchanga ni baridi. Nikauliza, "Na wa pili?" Ukasema, "Shangazi zake wanaotaka kumbusu."

Nakumbuka pia ulivyopenda kusimulia jinsi sisi tulivyokuja duniani. Katika ukoo wetu kila mtoto ana habari yake, na anayeibeba ni yule aliyempokea. Bibi alinipokea mimi kule kwenye kambi ya wakimbizi, na mpaka alipofariki aliisimulia kila sikukuu: nilitoka nimekunja ngumi kama mtu anayedai chakula chake. Habari yako wewe anaijua mama, aliyoisikia akiwa msichana mdogo: ulipiga chafya kabla ya kulia, na wanawake wote wakakutakia afya. Mama akichoka alikuwa anakuita Chafya. Ulikasirika kweli.

Halafu ikaja siku ile ya theluji. Shule ilifungwa, barabara zilifungwa, baba alikwama kiwandani. Uchungu wa mama ulianza asubuhi, kabla ya wakati wake. Nilipanda ngazi kukuita, ukashuka na glavu zako na taulo zote ulizokuwa nazo. Simu ukaiweka sakafuni ikiwa na sauti kubwa. Mwanamke wa simu ya dharura alikuwa anauliza kwa Kiingereza, wewe unamjibu kwa Kiingereza, halafu unamgeukia mama kwa lugha yetu, na Kifaransa chake kidogo ndani.

"Dada, donc umeamua kuzalia kwenye zulia?"

"Zulia ni la mwenye nyumba," mama akasema, meno ameyabana. "Usinichekeshe, Sifa."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya furaha niliyoyasikia katika nyumba yetu.

Mtoto alitoka haraka. Niliona mgongo wake, mdogo kuliko kiganja chako, na rangi yake haikuwa nzuri. Ulimsugua kwa taulo. Ulimbembeleza kama tunavyowabembeleza watoto wa kiume, "Lia, papa. Lia kidogo tu." Mama alikuwa anatoka damu nyingi. Ukaukamata mkono wangu, ukauweka tumboni kwake: "Sugua hapa. Kwa nguvu. Usiache." Nilisugua. Nikamwita mama, hakuniitika, kichwa chake kilikuwa kimelala upande. Wewe ulikuwa umemwinamia mtoto, umefunika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, unampa pumzi ndogo ndogo, kama mtu anayepuliza kijiko cha uji.

Simu ikasema ambulensi iko kwenye kona lakini ngazi zetu za nje zimefukiwa na theluji. Ukanitazama. "Nenda ufungue njia. Machela ipite." Mkono wako mmoja ukachukua nafasi ya wangu tumboni kwa mama.

Nilichukua koleo. Nilichimba bila koti, mama mdogo, na sikusikia chochote isipokuwa koleo. Niliporudi na wale watu wa ambulensi, mtoto alikuwa amefungwa vizuri, amevaa kofia, na wewe ulikuwa bado unampulizia. Hukumtazama mtu yeyote.

Hospitali walituambia kile wanachokijua wao: alifika hapumui. Mama walimwokoa. Alipoweza kuongea, jambo la kwanza alilokuuliza, mimi nikiwa nimesimama pale, lilikuwa, "Sifa, alikujaje?" Ukasema, "Ngoja nikuletee chai." Ukatoka. Mpaka leo mama hajapata ile chai.

Sasa nikuambie hali ya hapa. Kanisani mwanamke mmoja alimshika mama mkono akamwambia Mungu atampa mwingine, na mama akaacha kwenda kanisani. Baba anachukua zamu za ziada ili asikae nyumbani. Kwenye kaburi kuna jina la ukoo tu. Mama anasema hawezi kumpa jina mtu ambaye hajui alikujaje. Alilia? Alifungua macho? Alikunja ngumi? Mimi nilikuwa nje, yeye hakuwa na fahamu. Unayejua ni wewe peke yako.

Mwanzoni alikuwa anauliza kila jioni: "Sifa amepiga simu?" Siku hizi haulizi tena. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko machozi yake yote. Anakaa dirishani na ile kofia mapajani, na nikimwambia chakula tayari, anasema asante kama anavyomwambia mgeni.

Shuleni wametuletea mafunzo ya huduma ya kwanza. Mwalimu aliweka mwanasesere wa mpira mezani, nikafanya kila kitu kwa utaratibu, akaniambia vizuri sana, umejifunzia wapi? Nikaomba ruhusa ya kutoka. Nilikaa chooni mpaka kengele ikalia. Baadaye nilisoma kitabu chao chote, mama mdogo, hatua baada ya hatua, nikitafuta kitu ulichokisahau. Hakuna. Ulifanya yote, na hayakutosha. Nilidhani kujua hivyo kutanisaidia.

Nimefikiri sana kwa nini ulikimbia. Nadhani jibu ni hapana. Hakulia, hakufungua macho, hakufanya lolote. Nadhani hukuweza kumwambia dada yako neno hilo. Lakini njoo utuambie hilo hilo. Utuambie alikuwa na nywele au hakuwa nazo. Utuambie alikuwa na joto mikononi mwako, maana nilikuona ulivyomfunika, na baridi haikumpata kupitia kwako. Hiyo nayo ni habari ya mtoto. Mama anaweza kuibeba. Asichoweza kukibeba ni hiki cha sasa, ambacho hakina kitu ndani.

Theluji imeanza tena. Kila asubuhi kabla ya basi la shule nasafisha ngazi, kuanzia mlangoni mpaka barabarani, upana wa machela. Jana baba alinikuta akitoka kazini. Akasema, "Kwa nini pana hivyo? Hakuna mtu anayekuja."

Nikamwambia najua. Nikaendelea kuchimba.

Wako,
mtoto wa dada yako, niliyekuwa nje na koleo