Njuga za Baba

Oruro, Novemba

Kwa dada yangu mpenzi Nieves,

Salamu nyingi zikufikie huko Calama, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo kwa ajili ya baridi, ila ulimi wake haujaugua hata siku moja. Kifurushi anachokuletea binamu Froilán kina nyama kavu na viazi vikavu vya chuño juu, na chini kina kitu kingine. Najua kinalia ukikitikisa. Tafadhali usikifungue kabla ya kumaliza barua hii, maana nakujua kwa haraka zako. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikitaja Kanivali tu, mtandao wako unakatika. Mtandao gani huo, dada?

Habari yenyewe ni mguu wangu. Jumapili moja tulikuwa kwenye mazoezi ya ngoma yetu ya caporales, tunapanda barabara kwa kuruka, mara mguu wa kushoto ukagoma. Niliinua goti, unyayo ukaning'inia, vidole vikaburuta chini, nikamwangukia mpiga tuba. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, wakasema Rómulo kalewa hata bia haijafunguliwa. Nami nikacheka nao. Kesho yake niliposhuka kitandani unyayo ukapiga sakafu pwaa, kama kandambili iliyokatika. Hapo nikaacha kucheka.

Unajua kilichonitisha. Mama alipougua mpaka padre akaitwa, baba aliweka nadhiri kwa Bikira wa Mgodini: mama akipona, atacheza Kanivali tatu. Mama akapona, baba akacheza mbili, kisha akatutoka. Ya tatu nikaibeba mimi, tena kwa buti zake zilezile zenye njuga, kwa kuwa mama alisema nadhiri imalizwe na buti zilizoianza. Kila Jumamosi mama huenda kanisani kumwomba Bikira avumilie kidogo, mumewe hajasahau. Sasa mchezaji mwenyewe ndiye huyo anatembea kama bata!

Shangazi Eulogia akasema ardhi imenishika mguu, kisa nilikunywa bila kuimwagia yake kwanza. Alinichua kwa mafuta ya llama, nikanuka hadi mbwa wa mtaani wakanifanya rafiki. Jirani mmoja akasema ni uti wa mgongo, mwingine akasema kisukari. Mama hakubishana na mtu. Alinivuta hospitali kama mtoto aliyetoroka shule.

Tukampata Daktari Ximena Arce, binti mchangamfu sana. Alinipaka jeli ya baridi mguuni, akachukua kile kifaa cha ultrasaundi wanachopimia wajawazito. Nikamuuliza kama anatafuta mimba. Akasema mguuni huwa ni mapacha, nitulie. Akaanza na mguu wa kulia, mzima, ili nijue neva isiyo na kasoro inavyoonekana: kiduara chenye vitundu vidogo, kama kipande cha sega la nyuki. Kisha akahamia wa kushoto. Nyuma ya goti neva ilikuwa vilevile. Lakini aliposhuka ubavuni, pale mfupa unapotokeza chini ya goti, lo! Imevimba, na vitundu havionekani tena, kama mkate uliolowa kwenye uji wa api. Akaeleza kwamba pale neva hupita juujuu, chini ya ngozi tu, ikikandamizwa juu ya mfupa haina pa kukimbilia. Akaniuliza huwa navaa nini pale. Nikajibu soksi. Mama akanipiga kofi la bega, akamweleza yote.

Kesho yake tukarudi na buti. Daktari akataka nizivae kama siku ya kucheza, nami nikazifunga kama tunavyofunga wote, mkanda umezungushwa chini ya goti na kukazwa kwa meno ili njuga zisiteremke. Wa kushoto huwa naukaza zaidi, kwa kuwa mguu huo ndio unaoanza na njuga zake lazima zisikike kwanza. Akachora kwa kalamu mkanda ulipopita, nikavua, akaweka kifaa juu ya ule mstari. Uvimbe ulikuwa palepale. Shavu langu la mguu ni nene, buti za baba ni nyembamba, na mkanda ukamalizia kazi. Akasema neva haijakatika, itapona kwa mazoezi na miezi kadhaa, ila buti hizo nizisahau. Nikamwambia Kanivali ni Februari. Akasema neva haina habari na Februari.

Nilidhani mama atalia. Kumbe pale koridoni aliziangalia zile buti akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. Akasema miguu ya flamingo katika nyumba yetu walikuwa nayo wawili tu, baba na yule binti yake aliyekuwa akimtania kwa jina hilo.

Dada, najua ulipotaka kucheza baba alikuambia buti ni za wanaume, msichana avae sketi. Najua uliondoka bila kumuaga. Siku hizi wasichana wenye buti wana safu yao, na wanashangiliwa kuliko sisi. Baba alikosea. Nasema mimi, na mama kasema hivyohivyo mbele ya picha yake, kisha akaigeuza ikatazama ukuta kutwa nzima ili atubu.

Sasa kaa chini, usinitukane. Mama alinituma nikuulize kama utakubali kuimaliza nadhiri. Sikukuuliza. Niliogopa utakataa, nikamwambia umekubali, tena ulilia kidogo kwa furaha. Siku hiyohiyo akaenda kumtajia Bikira jina lako. Amefua mablanketi ya chumba chako, na soko zima linajua unakuja. Nisamehe, au njoo unichape mwenyewe.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, Froilán mpe chai.

Haya, fungua. Mkanda usiukaze, daktari amesema vidole viwili vipite. Zikikubana, mrudishie Froilán, nami nitatubu kwa mama. Zikikukaa, usijisumbue kuandika. Piga simu nyumbani, usiseme neno, piga tu mguu wa kushoto chini. Atakayepokea ni mama.

Mdogo wako mwenye mwendo wa bata,
Rómulo