Nondo za Dirisha la Mama

Gitega, Kigali
14 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Clovis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini Mwanza inakutunza, na kwamba yale maumivu ya mgongo yameisha, au angalau yamehamia kwa mtu mwingine. Sisi tu wazima, Mama akiwemo, ila moyo wangu haujatulia.

Unamkumbuka jirani yetu Nyiraneza, muuza maharage? Wiki iliyopita mvua ilimfanya aingize jiko la makaa ndani, akaliweka karibu na mlango. Pazia likashika moto, kisha viti. Mlango ukawa haupitiki, naye yumo ndani. Tulikimbilia dirishani, wanaume wakavuta nondo mpaka wakachubuka viganja. Hazikutikisika. Fundi aliyezichomelea angejisifu. Mwishowe kinyozi Évode alipanda juu akang'oa mabati, wakamtolea huko. Yuko hospitali, mikono yote imeungua.

Kaka, nondo zetu ni kama zile. Ndizo ulizomwekea Mama, zenye herufi C katikati.

Tangu siku ile nimejitahidi. Tunapikia barazani hata mvua ikinyesha. Niliweka ndoo ya mchanga mlangoni. Nikaja kuikuta imepandwa vitunguu. Ufunguo wa kufuli la mlango nautundika msumarini, na kila jioni unarudi wenyewe kwenye pindo la kitenge cha Mama.

Lakini la dirisha limenishinda. Nilimleta fundi azikate nondo za chumbani kwake, azitie bawaba na komeo la ndani, zifunguke kama mlango. Mama akamkaribisha chai vizuri kabisa, akaweka kiti chini ya dirisha, akakikalia mpaka fundi alipoaga. Ndipo akaniambia, "Mwanangu aliniwekea nondo ili nilale. Wewe unataka kuzikata ili nani aingie?"

Unajua ilivyo hapa. Wewe uliye mbali unasikilizwa, mimi niliye karibu natumwa maji. Tafadhali mpigie Jumapili akitoka misa, umwambie kwa mdomo wako zikatwe. Usiseme nimekuandikia. Sema umeota. Ndoto zako anaziamini kuliko macho yangu.

Nisalimie wifi Aurore na watoto. Mungu awafunike, nanyi mjue ufunguo wenu unalala wapi.

Fundi amekubali kukata pembeni; hilo nalo mwambie Mama umeliota. Herufi yako itabaki.

Mdogo wako akupendaye,
Christella