Mpishi Mwenye Cheti

Jumapili, 8 Novemba

Ya leo kali! Chuo anakofanya kazi mume wangu kinafunga jiko wiki ya sikukuu, na wafanyakazi wameombwa kuwaalika nyumbani wanafunzi waliotoka nchi za nje. Kajiandikisha. Wanafunzi sita, Jumamosi. Kaniuliza? Thubutu! Nimeambiwa nikiwa namenya vitunguu, tena mtu kanipa mgongo, anatafuta chaja ya simu.

Haya. Watoto wa watu wako mbali na mama zao, siku kama hiyo watakula nini — biskuti? Nitapika. Miaka kumi na tisa nawapikia wagonjwa hospitalini chakula kisicho na chumvi. Angalau siku moja niwapikie watu wenye afya zao! Kuku watatu wa kuoka, wali, viazi, mchuzi mzito. Kisha nikae nao mezani niwasikie wanavyozungumza. Gauni nimeshalichagua — lile la bluu.

Jumatano, 11 Novemba

Nimeiona fomu. Ilikuwa mfukoni mwa koti lake, nilitaka kulifua. Mpishi awe na cheti cha afya, na asiwe mtu wa familia. Eti mwaka jana kuna nyumba wanafunzi walikula wakaharisha, ndiyo sheria ikaja. Sawa. Sasa kwenye mstari wa mpishi kaandika nani? Mimi! Kwa jina langu la kabla ya ndoa, lile lililo kwenye cheti cha hospitali. Na chini yake, mke wa mwenyeji: "Amesafiri."

Nimesafiri! Nami nimesimama hapa na pasi mkononi!

Nikamuuliza. Haya hana. Mpishi mwenye cheti hakupatikana, anasema, sikukuu kila mtu yuko kwake. Na bosi wake atakuja mwenyewe kukagua, na nafasi ya msaidizi wa bosi iko wazi. "Ni kwa muda wa saa tatu tu, mke wangu. Usiniangushe." Nikamwambia anataka kunifanya mgeni nyumbani kwangu. Akasema si mgeni — mpishi. Yaani hapo anadhani kanituliza!

Ijumaa, 13 Novemba

Kumbe kuna zaidi. Dada yake atakaa mezani kuwakaribisha wageni, kwa sababu haipendezi nyumba kukosa mwanamke. Kukosa mwanamke! Wifi mwenyewe kaja leo na begi. Huyu ambaye yai la kuchemsha linamshinda. Kafungua kabati langu bila hodi, kalitoa gauni la bluu. "Wifi, wewe si utavaa aproni?"

Nikamwachia, nikarudi jikoni. Kwa nini nilimwachia? Najiuliza tangu mchana na jibu silipati. Kuku nimewaloweka kwenye limau na kitunguu saumu.

Jumamosi, 14 Novemba, alasiri

Walifika saa saba kamili, wasafi, wana aibu, kila mmoja kaacha viatu mlangoni. Bosi naye, na kalamu yake. Kanikagua kucha! Jikoni kwangu! Mume wangu kasimama pembeni, anatabasamu: "Dada mpishi ni mtu makini sana."

Dada mpishi.

Chakula kilikubali, hilo sitalificha. Vijiko nilivisikia. Binti mmoja mrefu mwenye miwani akamuuliza wifi kuku wametiwa nini. "Sukari kidogo," wifi akasema. Sukari! Binti akacheka, akainuka, akaja mpaka jikoni na sahani yake. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akaniambia kwao mpishi hakai peke yake, nije tule wote. Machozi yalinilenga. Nikamtazama mume wangu mlangoni. Akatikisa kichwa — kidogo tu, bosi asione.

"Mwache," akamwambia binti. "Huyu amezoea kula jikoni."

Amezoea!

Sikuvunja kitu. Niliweka mwiko chini, nikafuta mikono, nikapita katikati ya sebule mbele ya bosi, nikaingia chumbani kwetu, nikajifungia. Sasa naandika nimekaa kitandani na aproni yangu yenye mafuta. Shuka nitafua kesho.

Bosi anauliza mpishi anakwenda wapi kule. Wifi anakohoa. Mlango unagongwa — kwa kidole kimoja, kwa adabu, mlango wa chumba anacholala miaka yote hii!

"Dada mpishi," anasema. "Dada, tafadhali, fungua."

Nimemjibu kwa sauti ya kufika mezani: "Mwite mkeo akufungulie."

Vijiko vimenyamaza vyote. Miguu yake naiona bado, chini ya mlango.